Ajenda ya Tisa: Maisha ya Ensio Lamminperä wa Mlango wa Pili

Ensio Johannes Lamminperä alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Novemba 1944, katika sauna ya nyumba yetu hapa Harjukoski, kibanda cha kuogea kwa mvuke, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na maji moto na kuta zisizopitisha upepo. Baba yetu, Kalle, alikuwa bado hajarudi kutoka vitani. Mama yetu, Hilma, alisaidiwa na mkunga aliyekuja akiteleza juu ya theluji kutoka ng'ambo ya ziwa. Marehemu alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Wa kwanza alikuwa dada yetu Lempi, aliyetutangulia mwaka 1998, na wa pili ni mimi, Arvo, ninayewasomea karatasi hii. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia. Mkunga alimchapa matakoni mara mbili, naye akakunja uso tu, basi. "Huyu ni mtu wa huku," mkunga akasema. Nimelitanguliza hili kwa sababu ukimya ndio uliokuja kumtesa ndugu yangu, na haukuwa ukimya wake peke yake.

Marehemu alisoma katika shule ya msingi ya Yläkylä kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Ilikuwa kilomita sita kwenda na sita kurudi. Mwalimu alitaka aendelee na masomo, lakini nyumbani palihitajika mikono. Mchezo wa magongo alijifunzia ziwani, juu ya barafu tuliyoifagia wenyewe. Kisahani cha kuchezea, kile cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, hatukuwa nacho, basi majira ya baridi ya mwaka 1955 Ensio alikata kisigino cha buti la baba, mpira mweusi mzuri, akakitia kwenye mchezo. Jumapili baba akaenda kanisani akichechemea, mguu mmoja juu na mwingine chini, na hakumuuliza mtu neno. Jumapili iliyofuata alikikata kisigino cha pili yeye mwenyewe, akakiweka mezani mbele ya Ensio, kisha akaendelea kunywa kahawa yake. Ndivyo watu wa hapa walivyopendana, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba hivyo inatosha.

Tarehe 1 Juni 1961, akiwa na miaka kumi na sita, aliingia kiwanda cha karatasi. Alikaa kwenye mashine namba tatu kwa miaka arobaini na mitatu, hadi kiwanda kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2004. Mimi nilikuwa mashine namba mbili. Sikuvuka darasa la saba. Nilichokijua baada ya hapo nilikiokota kwenye maktaba ya kiwanda, ambayo nayo waliifunga, vitabu wakavitupa kwenye kontena katikati ya mvua. Honi ya kiwanda ikilia saa kumi jioni, mji mzima ulijua ni wakati wa kuweka viazi jikoni. Sasa hakuna kinacholia. Watu wanakula wakitaka.

Lakini kazi ya Ensio iliyojulikana zaidi haikuwa na mshahara. Kuanzia kiangazi cha mwaka 1975 mji huu ulijenga ukumbi wa barafu kwa ujima. Kila nyumba ilitoa mtu. Wenye misumeno walikuja na misumeno, wenye farasi na farasi, na wanawake walipika supu ya njegere kwenye masufuria ya jeshi. Marehemu alipigilia mbao za dari upande wa ziwani, na Mlango wa Pili aliuchonga na kuutundika kwa mikono yake. Ukumbi ulifunguliwa Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1977, na siku hiyo hiyo Ensio akasimama kwenye mlango wake kukagua tiketi. Alisimama pale misimu thelathini na saba. Malipo yake yalikuwa kikombe cha kahawa na soseji moja, haradali juu.

Wazee mnaikumbuka jioni ya Januari 1983, mwaka ambao timu yetu, Ahma, ilipata medali ya shaba. Baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Mwenyekiti wa klabu, hayati Aulis Kivimaa, alifika mlangoni mikono mitupu.

"Tiketi, Bwana Mwenyekiti," marehemu akasema.

"Ensio! Mimi ndiye mwenyekiti. Tiketi zote zina sahihi yangu."

"Sahihi naijua. Tiketi ndiyo siioni."

"Nimeiacha nyumbani, juu ya kabati. Unataka nigande?"

"Ukienda mbio hutaganda."

Kivimaa alikwenda mbio. Alirudi kipindi cha pili, ndevu zimeota barafu, akanyoosha tiketi, Ensio akaichana, akamwambia karibu. Asubuhi yake mwenyekiti alileta mkate mtamu wa iliki nyumbani kwa ndugu yangu, mkubwa kama usukani wa lori. Alisema, "Ukimruhusu mwenyekiti apite bure, kesho utamzuia nani?" Hao ndio viongozi tuliokuwa nao. Walijua kuona haya.

Marehemu alifunga ndoa na Hilkka Tuulikki, wa ukoo wa Vehmas, katika kanisa hili, Jumamosi ya tarehe 21 Juni 1969. Walijuana kwenye uwanja wa zamani wa wazi, ambako Hilkka aliuza kahawa kutoka kwenye dumu la maziwa. Posa yake imesimuliwa hapa mjini mpaka ikachakaa, ila leo ni haki yake.

"Msimu ujao nitahitaji tiketi mbili," Ensio alimwambia.

"Za viti gani?"

"Vilivyo pamoja."

"Na huyo wa pili ni nani?"

"Nilidhani wewe unajua."

Mungu aliwajalia watoto wawili: Merja, mwaka 1971, na Jouni, mwaka 1974. Hilkka aliendesha mgahawa wa ukumbini, na alikuwa anamtumia mumewe soseji yake mlangoni kipindi cha kwanza kikiisha. Miaka thelathini na saba hawakukaa kwenye vile viti viwili hata mechi moja. Mmoja alikuwa mlangoni, mwingine jikoni. Hilkka anasema hiyo ndiyo ndoa nzuri.

Sasa nafika pale ambapo mchungaji ameniomba nipite upesi. Sitapita upesi.

Alhamisi ya tarehe 26 Aprili 2012, mkutano mkuu wa mwaka wa klabu ulifanyika katika ukumbi wa shule. Tulikuwa wanachama mia mbili na kumi na wanne. Supu ya njegere ililiwa kwanza. Kiwanda kilikuwa kimekufa karibu miaka minane kabla yake na klabu ilikuwa hoi, hilo sikatai. Akaja bwana mmoja kutoka mji mkuu, Petteri Varjonen, viatu vyembamba, akimulika picha za mipango yake ukutani. Alisema timu, jina la Ahma na matumizi ya ukumbi vihamishiwe kwenye kampuni, naye awe mkurugenzi wake. Hiyo ilikuwa ajenda ya tisa.

Kila mtu pale alijua ni kosa. Nyumbani tulikuwa tumelijadili wiki tatu. Marehemu alikuwa ameandika mistari minne kwenye kipande cha karatasi, na Hilkka alikuwa amempigia pasi shati jeupe. Mwenyekiti mpya, aliyechaguliwa jioni ile ile, akauliza, "Ajenda ya tisa. Kuna mwenye la kusema?"

Wenyeji mnajua utaratibu wetu. Mtu wa hapa haanzi kusema. Anayeanza ni mwenye kujivuna. Unangoja mwingine aanze, ndipo nawe useme kwamba unakubaliana naye. Watu mia mbili na kumi na wanne tulingoja. Mtu alikohoa. Kijiko kilianguka. Marehemu alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ni mkubwa wake na mdogo hasemi kabla ya mkubwa. Mimi nilikuwa natazama supu iliyobaki kwenye bakuli.

Nyundo ikagonga meza. "Imepita kwa kauli moja."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, pembeni ya reli. Tulikuwa tumefika kwenye tangi la maji aliponiuliza, "Kaka, mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ndiye uliyekuwa na karatasi."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Watu wa mataifa mengine huibiwa wakiwa wamelala. Sisi tuliibiwa tumekaa wima, tumeshiba, na tukaandikwa kwamba tumekubali.

Yaliyofuata mmeyaona. Masika ya mwaka 2014 wazee wote wa milangoni waliondolewa, zikawekwa mashine zinazolia kama vifaranga. Marehemu alipewa barua ya shukrani na kishikio cha funguo. Mlango wa Pili uling'olewa, ukawekwa wa vioo. Mgahawa wa Hilkka ukakodishwa kwa watu wanaouza viazi vya kukaanga kwa euro tisa. Jina la ukumbi, ambao sisi tuliujenga, likauzwa kwa kampuni ya mikopo ya simu. Jezi ya golikipa wetu wa mwaka wa medali, iliyotundikwa darini kwenye mbao za Ensio, iliteremshwa kupisha skrini ya matangazo. Marehemu aliuliza imewekwa wapi. Aliambiwa suala lake limepokelewa.

Haya yote yangevumilika kama wangekuwa wanajua mchezo. Katika miaka kumi na mbili Varjonen ameajiri makocha tisa. Amemuuza kila kijana wa hapa aliyeweza kusimama sawasawa kwenye barafu, akaleta wachezaji ambao Januari wanafika na Machi wanaondoka, na ambao hawakupata hata muda wa kujifunza jina la ziwa letu. Misimu minne kati ya mitano iliyopita Ahma imemaliza ya mwisho. Tukifungwa saba kwa moja, yeye huliambia gazeti kwamba ameona mambo mazuri mengi. Nimekuwa msomaji maisha yangu yote, na sijapata kuona kitabu ambacho saba kwa moja ina mambo mazuri mengi.

Watu walimuuliza marehemu kwa nini bado ananunua tiketi. Jouni, mwanawe, alimwambia waziwazi, "Baba, unawalisha hao."

"Siendi kwao," alijibu. "Naenda kuangalia dari yangu."

Kila mwezi wa Aprili aliandika barua kwa kampuni, barua kumi na mbili kwa jumla, zote zikisema jambo moja: kumbukumbu za mkutano zirekebishwe, maneno "kwa kauli moja" yafutwe, iandikwe kwamba Ensio Lamminperä alipinga. Hakudai timu irudishwe; hakuwa mjinga. Alitaka mstari mmoja. Kumi na moja hazikujibiwa, au zilijibiwa na mashine iliyoandika, "Sauti yako ni muhimu kwetu." Moja ilijibiwa na mtu: kumbukumbu zilizokwisha kuthibitishwa hazirekebishwi.

Jumapili ya tarehe 10 Oktoba 2021, saa sita mchana, kampuni iliita mashabiki ukumbini kwa kile ilichokiita kikao cha wazi. Varjonen alisimama kwenye zulia jekundu lililotandikwa juu ya barafu. Vijana waliuliza juu ya bei ya bia na juu ya wachezaji wapya. Kisha ndugu yangu, mwenye umri wa miaka sabini na sita, akasimama wa kwanza kutoka safu ya wazee, bila kungoja mtu.

"Napinga," akasema.

"Karibu, mzee wangu! Unapinga nini?"

"Ajenda ya tisa."

Varjonen akatazama karatasi yake. "Leo hatuna ajenda, mzee. Ni mazungumzo tu."

"Ajenda ya tisa ya tarehe ishirini na sita Aprili, mwaka elfu mbili na kumi na mbili."

Ukumbi ulicheka. Nasema kwa uchungu, kwa sababu baadhi yenu mmekaa hapa leo na mlicheka.

"Mzee, maji yakimwagika hayazoleki," Varjonen akasema, naye akicheka.

"Hapa kwetu yakimwagika yanaganda," marehemu akajibu. "Yapo pale pale. Yanangoja mtu ateleze."

Hapo walicheka zaidi, safari hii pamoja naye, na msichana mmoja wa kampuni akaja mbio akamvika kofia ya zawadi ya shabiki mkongwe. Picha ilipigwa. Ilitoka gazetini Jumanne, na chini yake iliandikwa, "Furaha ukumbini." Marehemu aliichoma ile kofia kwenye jiko la sauna jioni hiyo hiyo. Ilitoa harufu mbaya, tukalazimika kutoka nje uchi kwenye baridi, wazee wawili, na huko nje ndiko nilikomwona akilia kwa mara ya kwanza. "Nimechelewa miaka tisa," alisema. Ningalikuwa na jibu, ningalilitoa mwaka 2012.

Ugonjwa wa mapafu uligunduliwa tarehe 3 Oktoba 2023. Madaktari walisema vumbi la karatasi limechangia. Alitibiwa kwa mwaka mmoja na miezi minne, na Hilkka alimuuguza nyumbani hadi baada ya Krismasi iliyopita, alipohamishiwa wodi ya wagonjwa wa muda mrefu hapa mjini. Wauguzi walimtunza vizuri, nawashukuru. Jumamosi ya tarehe 8 Februari alisikiliza redioni mechi yake ya mwisho. Zikiwa zimebaki dakika nne, Ahma ilikuwa imefungwa sita bila.

"Nizime, babu?" muuguzi akamuuliza. "Usijiumize bure."

"Acha. Bado dakika nne."

"Lakini ni sita bila!"

"Kuhesabu najua, mwanangu. Bado dakika nne."

Alizisikiliza zote nne. Redio ilipozimwa aliniita nisogee.

"Kaka, karatasi ya mazishi utaandika wewe?"

"Nani mwingine?"

"Usiandike kwamba nilikuwa mtu mpole."

"Niandike nini, basi?"

"Andika nilipinga. Na tarehe uiweke."

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Aliishi miaka themanini, miezi miwili na siku ishirini na nane.

Siku mbili baadaye binti wa mawasiliano wa kampuni alimpigia shemeji yangu simu. Nilikuwepo jikoni, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, kwa kuwa Hilkka hasikii vizuri.

"Pole sana kwa msiba, mama. Tungependa kumpa mzee wetu heshima kabla ya mechi ya Jumamosi. Tutaweka picha yake kwenye skrini kubwa, ile yenye kofia, halafu dakika moja ya kimya."

"Dakika moja ya nini?"

"Ya kimya, mama. Ukumbi mzima."

Hilkka aliweka chini kikombe chake.

"Kimya chetu mnacho tayari, binti," akasema. "Mlikichukua mwaka elfu mbili na kumi na mbili. Hicho hicho kiwatoshe."

Akakata simu, akanimiminia kahawa. Binti hana kosa. Alizaliwa mlango ukiwa bado upo, ila hakuna aliyemwambia. Shada la maua la kampuni lililetwa asubuhi ya leo na limekaa pale barazani, utepe wake haujafunguliwa. Mwenye kutaka kuusoma na ausome mwenyewe.

Ensio ameacha mke, Hilkka. Watoto wawili, Merja, aliyeko Västerås na mumewe Staffan, na Jouni wa hapa Harjukoski. Wajukuu watatu, Tuulia, Aapo na Sixten. Kitukuu mmoja, Helmi. Nami, kaka yake, ambaye kwa haki ya umri nilipaswa kutangulia, siku hii na siku ile.

Parokia yetu huhifadhi nakala ya kila karatasi ya mazishi katika kabati la kumbukumbu, na haifuti neno. Basi yaandikwe humo. Mkutano mkuu, tarehe 26 Aprili 2012, ajenda ya tisa. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Ensio Johannes Lamminperä: anapinga. Arvo Kalervo Lamminperä: anapinga.

Walio hai kati ya wale mia mbili na kumi na wanne, nimewahesabu kanisani leo, mko sitini na mmoja. Tukifika kaburini, mchungaji atanyamaza kidogo kabla ya udongo kutiwa. Hapo msingojane. Kila mmoja ataje jina lake na neno lake, kwa sauti, hata ikichukua saa nzima. Kahawa itangoja.

Ndugu yangu apumzike kwa amani, aliyoikosa kwa sababu yetu.